Kaunti ikinunua kila kitu kupitia mlango mmoja, pesa zitaokoka au zitaliwa kwa mkupuo?

#1 Mtetezi wa Mvita
Salaam wanabaraza. Naomba hili tulizungumze kwa hesabu, vyama tuviache nje.

Nina jamaa wawili, makarani wa ofisi mbili za umma hapa kisiwani Mombasa, na majengo yao yanatazamana. Mwezi huohuo mmoja wamenunua rimu za karatasi za A4, gramu 80, chapa ileile. Ofisi ya kwanza imelipa bei iliyo karibu na ya dukani. Ya pili imelipa karibu mara mbili. Kila ofisi ina kotesheni tatu, saini zote na muhuri. Mkaguzi akija anaona faili safi.

Hoja yangu ni kwamba kaunti iwe na kitengo kimoja cha kununua vitu vya kawaida kwa ajili ya wote: karatasi, sabuni, glavu, matairi, balbu za taa za barabarani. Bei ikubaliwe mara moja kwa mwaka, kila idara ichukue kwa bei hiyo. Uingereza walipofanya ukaguzi wa matumizi ya serikali yao 2010 walikuta idara moja inanunua boksi la karatasi kwa pauni 8 na nyingine inalipa pauni 73. Serikali ni moja na karatasi ni ileile. Hapo hata bila mwizi pesa imemwagika.

Nani anapinga, na kwa sababu gani?

#2 Kijana wa Likoni
Napinga mimi. Ukijenga mlango mmoja, anayetaka kula anajua pa kubisha. Tumesahau KEMSA, ghala kuu la dawa la serikali, mwaka 2020? Vifaa vya Korona vya bilioni 7.8, vikanunuliwa kwa bei ya juu, vingine kutoka kwa kampuni ambazo hazijamaliza hata mwaka tangu ziandikishwe. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilikuta mali ya zaidi ya bilioni 6 imelala stoo kwa sababu bei ya soko ilikuwa imeshashuka na hakuna wa kuinunua. Ofisi ndogo ikiiba, inaiba rimu. Ofisi kubwa ikiiba, inaiba ghala.

#3 Bint Majengo
Kaka Kijana, uliyosema ni kweli, lakini mimi niko upande wa pili wa dirisha la dawa, nikuambie ninachokiona.

Nafanya kazi katika zahanati ya umma, sitaitaja. Siku za kawaida, dawa zikija kutoka ghala kuu zinakuja na bei ambayo mimi siwezi kuipata kwa duka la jumla lolote hapa Mombasa. Amoksilini, ORS, dawa za presha, bei ya ghala iko chini kabisa. Shida ni kwamba tunaandika oda ya dawa kadhaa, inakuja nusu. Zile zilizokosekana tunanunua wenyewe kwa dharura, kidogo kidogo, kwa bei ya mtu aliyebanwa. Mwisho wa mwaka ukipiga hesabu, kile tulichookoa kwa zile zilizofika kimekwenda kwa zile ambazo hazikufika. Na mgonjwa ambaye aliambiwa "kanunue nje" hayumo hata kwenye hesabu hiyo. Yeye amelipa mfukoni mwake.

#4 Mwalimu wa Jomvu
Naongeza mfano ambao ulifanikiwa, tusiseme KEMSA peke yake. Kabla ya 2018 shule zilikuwa zinatumiwa pesa za vitabu, kila shule inanunua kwa duka lake. Vitabu havikutosha, wanafunzi wanagombania kimoja watatu au wanne, na kuna shule risiti zipo vitabu hakuna. Kuanzia Januari 2018 wizara ikaacha kutuma pesa, ikanunua moja kwa moja kwa wachapishaji, vikaletwa mpaka shuleni. Bei ya kitabu kimoja ilishuka sana kwa sababu mchapishaji sasa anauza mamilioni kwa mnunuzi mmoja. Nilisimama mlangoni mwa stoo yetu lori likishusha, kila mtoto na kitabu chake. Miaka yangu yote ya ualimu sikuwa nimeona hivyo.

#5 Muuza Vitabu
Mwalimu, na mimi nilisimama mlangoni mwa duka langu mwaka huohuo, hakuna aliyeingia.

Sisemi mtoto akose kitabu. Nasema hesabu iwe kamili. Duka la vitabu mjini liliajiri watu, lililipa leseni ya kaunti, liliuza na kalamu na atlasi na vitabu vya hadithi. Biashara ya vitabu vya kiada ndiyo iliyokuwa ikibeba hayo mengine. Ilipoondolewa, maduka mengi nchini yalifunga na waliobaki tunauza sare na begi. Halafu kuna shule zililetewa vitabu vya ziada ambavyo hazikuomba, na hilo wakaguzi wa serikali wameliandika. Bei ya kitabu kimoja imeshuka, sawa. Kitabu kisichofunguliwa nacho kinahesabiwa kuwa pesa iliyookolewa?

#6 Mwalimu wa Jomvu
@Muuza Vitabu vya ziada tulivipata kweli, vya somo moja tu, tukagawana na shule jirani. Lakini ndugu yangu, kati ya vitabu kuzidi na watoto watatu kitabu kimoja, mimi nachagua kuzidi. Duka lako nalisikitikia kwa dhati, nimenunua chaki kwako.

#7 Karani Mstaafu
Wanangu, mnaongea kama jambo hili ni jipya. Nchi hii ilikuwa na mlango mmoja. Uliitwa Supplies Branch, ulikuwa chini ya Wizara ya Ujenzi, na kulikuwa na Bodi Kuu ya Tenda. Supplies ilikuwa inaingia mikataba ya mwaka ya vitu vya kawaida, wizara zinaagiza kwa bei hiyo. Alichokiomba Mtetezi hapo juu nimekifanya kazi ujana wangu wote.

Nitawaambia kilivyokuwa kwa karibu. Idara ikitaka kitu inajaza fomu S11. Mimi naangalia kadi ya bin inayoonyesha mali iliyobaki stoo, nafungua leja, natoa kitu, natia saini, mchukuaji anatia saini. Kitu kikiingia kutoka kwa msambazaji kinaandikiwa S13, na kinahesabiwa kimoja kimoja kabla ya lori kuondoka. Karani akikuta upungufu, lori halitoki. Tulijua kwa jina nani amechukua misumari.

Ubaya wake nao upo. Ungeomba kitasa leo ukakipata msimu mwingine. Ofisi inavuja maji inasubiri bati kutoka Nairobi na mabati yamejaa madukani Mwembe Tayari. Kuanzia kanuni za 2001 mpaka sheria ya ununuzi ya 2005, kazi ile ikahamishiwa kwa kila wizara na kila taasisi. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni kuondoa ucheleweshaji na kupunguza ulaji wa pale katikati. Kwa hivyo Kijana wa Likoni, hoja yako ilishinda zaidi ya miaka 20 iliyopita, na tumefika kwenye rimu ya mara mbili.

#8 Kijana wa Likoni
Shikamoo mzee Karani. Kila uzi ukifunguliwa humu lazima uturudishe kwenye S11, na kila mara tunajifunza kitu.

#9 Karani Mstaafu
Marahaba mwanangu. Bado zinatumika hizo fomu. Kaulize.

#10 Mzabuni wa Changamwe
Niwape sababu ambayo hakuna aliyeigusa, kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika hiyo bei ya mara mbili.

Tuseme rimu nainunua kwa jumla shilingi 500. Mteja akija na pesa mkononi namuuzia 560 na nafurahi. Ofisi ya serikali ikija na LPO, yaani hati ya kuagiza bila pesa mkononi, mimi sijui nitalipwa lini. Inaweza kuwa miezi mitatu, inaweza kuwa miaka miwili, gavana akibadilika deni linaundiwa kamati ya kulihakiki upya. Mtaji wangu ni mkopo wa benki na riba inatembea kila mwezi. Basi 560 siwezi kuiandika. Naandika bei ambayo hata nikilipwa mwaka ujao sitafilisika. Wenzangu wote wanafanya hivyo, ndiyo maana kotesheni tatu zote ziko juu. Si lazima tuwe tumekula njama.

Na hapo bado sijaweka "asante" ya mtu wa kusukuma vocha. Hiyo nayo imo ndani ya bei, na inapanda kadiri malipo yanavyochelewa, kwa sababu kuchelewa ndiko kunakompa huyo mtu kitu cha kuuza. Kungelikuwa na malipo ya siku 30 kwa uhakika, asante ingekosa soko.

Mlete mlango mmoja au milango mia, kama malipo ni haya, bei ni hii.

#11 Wakili wa Tudor
Mzabuni amesema jambo zito. Ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti ya mwaka wa fedha uliomalizika Juni 2025 ilionyesha madeni ya kaunti 47 ambayo hayajalipwa yakiwa zaidi ya bilioni 170. Kila shilingi ya deni hilo kuna mzabuni ameshaiwekea riba kwenye bei.

Kwa upande wa sheria: Ibara ya 227 ya Katiba inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wazi, wa ushindani na wenye gharama nafuu. Sheria ya ununuzi ya 2015, kifungu cha 54, inasema bidhaa za kawaida zenye bei inayojulikana sokoni zinunuliwe kwa bei ya soko. Kifungu hichohicho kinakataza kukatakata oda kubwa kuwa vipande ili kukwepa tenda ya wazi. Na mikataba ya bei ya muda mrefu anayoitaka Mtetezi imo tayari ndani ya sheria hiyo. Hakuna sheria mpya inayohitajika ili karatasi inunuliwe kwa bei moja.

#12 Mtetezi wa Mvita
Kama sheria ipo, yule karani wa pili alilipaje mara mbili na faili ikawa safi?

#13 Wakili wa Tudor
Kwa sababu mkaguzi anatafuta kotesheni tatu, na kotesheni tatu zipo. Wachache wanakwenda dukani kuuliza bei.

#14 Mpwani Halisi
Si mnakumbuka zile wilbaro za Bungoma, laki moja na ushei kila moja? Kaunti yote zilinunuliwa mamia.

#15 Hesabu Safi
@Mpwani Halisi zilikuwa 10, si mamia. Mwaka 2015, kila moja shilingi 109,256. Jumla ni kama milioni 1.09. Na nataka tuitazame hiyo namba vizuri, kwa sababu nadhani wilbaro zimetupotosha.

Wilbaro ile kila mtu anaikumbuka kwa kuwa bei yake inashtua. Lakini milioni moja kwenye bajeti ya kaunti ni kidogo sana. Kuna utafiti wa wanauchumi watatu uliochapishwa 2009 kuhusu Italia, ambako kuna wakala wa taifa wa ununuzi anaitwa Consip. Walilinganisha bei ambazo ofisi za umma zililipa kwa vitu vilevile, na wakatenganisha upotevu wa aina mbili. Wa kwanza una mtu anayenufaika, yaani rushwa. Wa pili haumnufaishi yeyote: uzembe, kutojua bei, woga wa kubadilisha msambazaji. Makadirio yao ni kwamba asilimia 83 ya upotevu ulikuwa wa aina ya pili.

Na hii ndiyo inayokata pande zote mbili za uzi huu: walioongoza kulipa bei ya juu walikuwa wizara za serikali kuu, angalau asilimia 22 zaidi ya taasisi zenye uhuru wake. Serikali za mitaa zilikuwa katikati. Kwa hivyo mkataba wa bei moja unasaidia, hasa kwa ofisi inayonunua vibaya. Kuwa karibu na makao makuu peke yake hakumfanyi mtu awe mnunuzi hodari.

#16 Kijana wa Likoni
Italia si Kenya. Huku kwetu hiyo asilimia 83 igeuze.

#17 Hesabu Safi
Inawezekana. Lakini ukigeuza bila kupima utakamata watu kumi wa wilbaro na kuacha ofisi mia zinazolipa rimu mara mbili kwa kutojua.

#18 Bint Majengo
Mimi naamini vyote viwili vinaishi nyumba moja. Anayetaka kula anajificha nyuma ya asiyejua bei. Ukiuliza kwa nini glavu ghali, unaambiwa "ndiyo bei iliyokuja", na mtu anayekujibu hivyo pengine hata yeye hajui.

#19 Nahodha wa Kipevu
Jamani, watu wa Mombasa mnazungumza karatasi na mafuta yanashuka mbele ya macho yenu pale Kipevu, gati la meli za mafuta!

Huo ndio ununuzi wa pamoja mkubwa kuliko wote nchini. Kwa miaka mingi tulikuwa na utaratibu wa tenda ya wazi: kampuni za mafuta zinashindana, mwenye bei ndogo analeta shehena kwa niaba ya wote, wengine wanagawana kulingana na soko lao. Mnunuzi mmoja kwa kila meli, lakini ushindani unarudiwa. Aprili 2023 ukaja mkataba wa serikali kwa serikali na kampuni tatu za Ghuba: Aramco, ADNOC na ENOC. Malipo ni baada ya siku 180, lengo likiwa kupunguza mbio za kutafuta dola, ambazo wakati ule zilikuwa zimeadimika kweli.

Sasa angalia tofauti. Zote mbili ni "kununua pamoja". Ya kwanza ilikuwa na mashindano kila mara, ya pili ina wauzaji walewale na nyongeza ya bei iliyokubaliwa kwa mazungumzo. Uganda hawakuridhika kununua kupitia mlango wetu, 2024 wakaanza kuagiza kupitia kampuni yao ya taifa. Kwa hivyo swali la Mtetezi nililiongezee: huo mlango mmoja utafunguliwa kwa mashindano mara ngapi?

#20 Mzabuni wa Changamwe
Nahodha, hapo kwenye siku 180 umenipa hoja. Serikali iliweza kupanga malipo yenye tarehe kwa kampuni za Ghuba, na tarehe hiyo inaheshimiwa. Mimi wa Changamwe tarehe yangu iko wapi?

#21 Mgeni wa Tanga
Habari za huko majirani. Huku kwetu tuna GPSA, Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, ambao huingia mikataba ya bei kwa vitu vya kawaida na magari, na taasisi zinaagiza humo. Dawa ni Bohari ya Dawa, MSD. Tenda zimehamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST tangu 2023. Malalamiko ya dawa pungufu kama ya dada Bint na sisi tunayo. Ila kwa bei kujulikana, mfumo umesaidia: mtu wa halmashauri ndogo anaiona bei aliyolipa mwenzake.

#22 Mpwani Halisi
Sisi wa kwetu ulianza 2025, agizo likawa kila tenda ipite mtandaoni kuanzia Julai. Magavana wakapinga, kesi zikafika mahakamani.

#23 Kijana wa Likoni
Na mimi nina sababu ya kupinga ambayo ni ya tumbo langu, siifichi. Nina kampuni ndogo chini ya mpango wa AGPO, ile asilimia 30 ya tenda kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Nauza vifaa vya usafi. Tenda ikiwa ya shule moja au zahanati moja, naiweza. Tenda ikiwa ya kaunti nzima kwa mwaka mzima, anayeiweza ana maghala Nairobi na benki nyuma yake. Mtaokoa shilingi kadhaa kwa kila lita ya dawa ya kuoshea, na vijana watano ninaowalipa watarudi kijiweni. Hizo nazo ni pesa za umma, kwa njia nyingine.

#24 Mtetezi wa Mvita
Kijana, nakuelewa na nakuheshimu. Lakini bei ya pamoja haimaanishi msambazaji mmoja. Kaunti inaweza kukubaliana bei, halafu wauzaji kumi wadogo waliokubali bei hiyo wagawiwe, mmoja Likoni, mmoja Kisauni, mmoja Changamwe.

#25 Mzabuni wa Changamwe
Wauzaji kumi kwa bei moja iliyobanwa na malipo yaleyale ya mwaka ujao? Mwezi wa tatu utabaki na wawili, wale wenye mtaji. Anza na malipo.

#26 Bint Majengo
Msisahau vifaa vikubwa. Ule mpango wa 2015 wa kukodisha mashine za hospitali, serikali kuu ilichagua, ikasaini, kaunti zikakatwa. Kila moja ilianza kukatwa milioni 95 kwa mwaka, baadaye zikafika 200, Lamu sawa na Nairobi. Maseneta walipochunguza 2020 walikuta kuna mashine zimefungwa kwenye maboksi, hospitali haina umeme wa kutosha au mtaalamu wa kuziendesha. Aliyenunua hakumuuliza muuguzi. Mnunuzi akiwa mbali sana, ananunua kitu kizuri mahali pasipo pake.

#27 Karani Mstaafu
Binti amenena. Lakini upande wa pili: makanisa yalianzisha MEDS mwaka 1986, ununuzi wa dawa wa pamoja kwa hospitali zao, na mpaka leo hata kaunti zinanunua kwao. Nao ni mlango mmoja. Tofauti ni kuwa mteja anaweza kwenda kwingine akichelewa kuhudumiwa. Supplies yetu haikuwa na mteja wa kukimbia. KEMSA nayo ilipobadilishiwa sheria 2019 ili kaunti zilazimike kununua kwake, magavana walilalamika kwa sababu hiyo.

#28 Kijana wa Likoni
KEMSA yenyewe ilianzishwa 2013, bado changa.

#29 Wakili wa Tudor
Sheria yake ndiyo ya 2013. Shirika ni la 2000. Na Korona haikuwa mwisho: 2023 tenda ya vyandarua vya mbu, ya shilingi bilioni 3.7 za Global Fund, mfuko wa kimataifa wa afya, iliharibika, wafadhili wakaamua kununua kwa njia yao wenyewe. Hapo pesa haikuibiwa, na bado nchi ilipoteza.

#30 Hesabu Safi
Mwaona? Kwenye uzi huu sasa tuna sababu nne za bei kuwa juu: kutojua, kula, kuchelewa kulipa, na mnunuzi asiye na mshindani. Kitengo kimoja kinatibu ya kwanza. Ya pili kinaweza kuipunguza au kuikuza. Ya tatu hakiigusi. Ya nne kinaileta.

#31 Mtetezi wa Mvita
Bado niko palepale kuhusu karatasi, sabuni na balbu. Mashine za hospitali nawaachia wauguzi. Lakini Wakili, mwananchi kama mimi anaweza kudai kuonyeshwa bei iliyolipwa?

#32 Wakili wa Tudor
Ndiyo. Ibara ya 35 ya Katiba na sheria ya kupata habari ya 2016. Unaandika barua, wana siku 21 za kukujibu. Usiombe "matumizi ya ofisi", watakupa kitabu. Omba kitu kimoja, mwaka mmoja: rimu za A4, idadi, bei ya kila moja, tarehe ya LPO, tarehe ya malipo.

#33 Karani Mstaafu
Na uombe S13 za mwaka huohuo. Bei inaweza kuwa nzuri na rimu zikawa hazikufika.

#34 Mzabuni wa Changamwe
Hiyo tarehe ya malipo ndiyo nitakayoisoma kwanza. Mtetezi, ukiandika barua nitumie nakala nami niandikie ofisi ninayoidai.

#35 Nahodha wa Kipevu
Mimi bado sijajibiwa. Mkataba wa mwaka mmoja ukiisha, nani atalazimisha ushindani ufunguliwe upya?